Cheo ni Dhamana

Marta Temido aliteuliwa kuwa Waziri wa Afya wa Ureno mwaka 2018, akaiongoza wizara hiyo katika miaka migumu ya UVIKO-19. Agosti 2022, huku wodi za uzazi zikifungwa mara kwa mara kwa uhaba wa madaktari, mjamzito mmoja, mgeni kutoka India, alifariki baada ya kuhamishwa kutoka hospitali ya Lisbon iliyokosa nafasi ya watoto wachanga. Tarehe 30 Agosti Temido alijiuzulu. Twaona alitenda haki: anayepokea sifa za wizara hana budi kuubeba na msiba wake. Wala kujiuzulu si kuzikwa. Mwaka 2024 wananchi walimchagua kuingia Bunge la Ulaya. Kwa nini basi wengi hung'ang'ania viti?