Tiketi ya Ndege Nayo ni Somo la Kiswahili

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi, msomaji mpendwa, niliyaona majuto yakija na mjukuu mwenyewe. Walishuka kwenye teksi mbele ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta saa tatu asubuhi, mama yangu na mwana wa dada yangu, kijana akiwa amejitwika begi la nyanya yake. Mama alitabasamu na kuniambia, "Mwanangu, leo hutanilaumu. Tumefika mapema." Sikuwa na ulimi wa kumjibu. Ndege ambayo ingetupeleka Unguja ilikuwa imepaa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano, alfajiri ya siku iyo hiyo.

Safari hiyo niliiwekea akiba miaka miwili. Ualimu, kama mjuavyo wenzangu, hauna posho za kuchezea. Lakini mama aliwahi kusema kwamba angependa kuuona mji wa Unguja na kula chakula cha jioni pale Forodhani kabla macho hayajafifia, nami nikaazimia kumtimizia likizo ya Agosti. Nilizinunua tiketi wiki sita kabla ya siku yenyewe, nikachagua zile za bei ya chini. Tiketi za namna hiyo zina masharti yake: ukikosa ndege, nauli hairejeshwi.

Nilidhani nimejiandaa barabara. Kitambulisho cha taifa humwezesha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda, lakini kwa Tanzania huhitaji hati ya kusafiria, hivyo mama akapata pasipoti yake ya kwanza maishani. Nilihakikisha kwamba jina lililo katika tiketi limeandikwa sawasawa na lile la pasipoti, kwani tofauti ya herufi chache yaweza kumzuia abiria mlangoni. Tulikwenda kwa daktari kwa ajili ya chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kukubalika siku kumi baada ya kuchanjwa na, tangu mwaka 2016, hudumu maisha yote. Kwa kuwa mama amepita umri wa miaka 60, daktari alimpima kwanza, maana chanjo hiyo huhitaji uangalifu zaidi kwa wazee. Nilimkumbusha asifungashe kitu chochote katika mifuko ya plastiki, ambayo Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2019.

Yote hayo niliyakumbuka. Nililosahau ni saa.

Mimi hufundisha Kisumu, naye mama anakaa Machakos. Tulikubaliana tukutane uwanjani. Nilimtumia mpwa wangu nakala ya tiketi katika simu na kumwambia, "Msomee nyanya yako." Kijana yumo kidato cha tatu, na alama zake za Kiswahili ni za kusifiwa. Tiketi iliandika 06:35. Akasoma kama alivyoona: saa sita na dakika thelathini na tano. Akawaza kwamba bila shaka ni mchana. Akahesabu saa tatu nyuma, kama nilivyowaagiza, akampangia nyanya yake safari ya kufika uwanjani saa tatu na nusu asubuhi. Usiku ule nilipowapigia simu, hazikupatikana. Huko kwetu milimani mawimbi huja na kutoweka. Nikajipa moyo kwamba wamelala kwa shangazi Embakasi.

Je, kosa ni la nani? La kijana? La hasha. Kosa ni langu mimi mwalimu wake wa nyumbani, na kwa kiasi kikubwa ni letu sote tunaoshika chaki. Tumemfundisha mtoto saa ya ukutani iliyochorwa ubaoni, mkono mfupi na mkono mrefu, akajibu maswali na kupewa alama zake. Hatujampa kamwe tiketi, ratiba ya gari la moshi wala kadi ya hospitali, tukamwuliza: hapa pameandikwa nini, nawe utatoka nyumbani saa ngapi?

Waswahili huihesabu siku tangu jua linapochomoza. Hesabu hiyo ina mantiki kamili katika nchi zilizo karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Jirani zetu Waethiopia nao huhesabu vivyo hivyo. Mashirika ya ndege, kwa upande wao, huhesabu tangu usiku wa manane na hutumia saa ishirini na nne. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni saa sita. Ukiona 14:20, toa sita, upate saa nane na dakika ishirini mchana. Ukiona 19:10, toa sita, kisha toa kumi na mbili, upate saa moja na dakika kumi usiku. Ukiona 06:35, toa sita, nayo saa inayobaki bila tarakimu ni saa kumi na mbili. Hii si elimu ya juu, ni hesabu ya mtoto wa shule ya msingi.

Aidha, lugha yetu ina hazina ambayo wasafiri wengi wangeinusuru nauli yao kwayo. Tiketi ikisema Ijumaa, 00:20, wapo watakaokwenda uwanjani Ijumaa jioni na kukuta ndege imekwisha kuondoka jana yake usiku. Mswahili hababaiki, kwa sababu ana msemo wake: usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa maneno hayo machache kila mtu anajua kwamba Alhamisi jioni begi liwe limefungwa. Basi ni ajabu gani hii, kwamba tunao msemo ulio wazi namna hiyo, nasi tunauachia matangazo ya vifo na habari za ajali?

Wapo watakaosema kwamba tiketi ya ndege ni anasa, na kwamba wengi katika wanafunzi wetu hawatapanda ndege kwenda likizo. Nawajibu kwamba hesabu iyo hiyo imo katika tiketi ya treni ya Mombasa. Isitoshe, vijana wetu wengi huenda Saudia na Qatar kutafuta kazi, na karatasi ya kwanza wanayokabidhiwa ni hiyo tiketi, pamoja na mkataba. Asiyeweza kuisoma ya kwanza, ataisomaje ya pili?

Nayo mashirika ya ndege yasijifiche. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sambamba na Kiingereza. Mstari mmoja wa Kiswahili chini ya saa ya kuondoka ungetosha. Mama yangu angejisomea mwenyewe, maana Kiswahili anakisoma.

Lakini tusingoje mashirika. Miaka nenda miaka rudi tumesahihisha insha za safari ambamo ndege hupaa angani kama tai na abiria hushangilia. Mwanafunzi huyo hajawahi kuonyeshwa namna safari inavyonunuliwa. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi ya ule wa 8-4-4 unatutaka tufundishe mambo yanayotendeka maishani. Basi mwalimu na aibebe tiketi iliyokwisha kutumika, aifiche namba zake, aigawe darasani. Nawe mwanafunzi, unapotumwa kumsomea mzee wako, usione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Sisi tulipanda treni kwenda Mombasa wiki iliyofuata. Mama aliiona bahari, akaifurahia, wala hakutaja Forodhani hata mara moja. Ila usiku mmoja nilimsikia akimwambia mjukuu wake asihuzunike, kwamba yeye nyanya ndiye aliyestahili kuuliza vizuri. Maneno hayo yalinichoma. Mimi ndimi niliyesomea kazi ya kueleza.