Petroli Mtaroni

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa mabanda wa Sinai, eneo la viwanda la Nairobi, ilienea habari kwamba mtaroni mlikuwa mkitiririka petroli. Ilikuwa imevuja katika kituo cha kampuni ya serikali ya bomba la mafuta, ikaingia katika mfereji upitao kati ya mabanda kuelekea Mto Ngong. Watu wakatoka na madebe na ndoo. Kwa anayeishi kwa kibarua, debe moja lilikuwa ujira wa siku kadhaa. Mara moto ukalipuka. Watu wapatao mia moja walikufa. Baadhi yao walijitosa mtoni, na mtoni nako petroli ilikwisha fika.

Hupenda kusemwa kwamba watu hao waliponzwa na tamaa. Neno hilo ni jepesi mno. Moto uliteketeza pia mabanda ya watu ambao hawakuchota hata kikombe. Jesse, Nigeria, mwaka 1998, na Tlahuelilpan, Meksiko, mwaka 2019, walikufa wengi vivyo hivyo, madumu yakiwa mikononi.

Yafaa kila mama mwenye nyumba afahamu kwamba kinachowaka si petroli yenyewe, bali mvuke wake. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka yapate joto. Petroli hutoa wakati wote, hata penye baridi kali. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupai kama moshi. Hutambaa chini, hujaza mtaro, hupenya chini ya mlango, hata ukafikie jiko la mkaa la jirani asiye na habari. Kwa hiyo kujifungia ndani si kinga. Ikisikika harufu hiyo, pasiwashwe kiberiti, wala swichi ya umeme isiguswe. Watoto wachukuliwe, waelekezwe upande utokako upepo.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 20. Nguo iliyogandamana na ngozi isibanduliwe, wala kidonda kisipakwe dawa ya meno.

Mabanda ya Sinai yalikuwa yamejengwa juu ya ardhi ya bomba. Hilo lilijulikana. Lakini kumwamuru mtu ahame bila kumwonyesha pa kwenda ni kumwacha pale pale.

Na petroli isiyoungua haipotei. Huzama ardhini hata kufikia maji ya visima, ikiwa na benzeni, kemikali iwezayo kuleta saratani ya damu. Iliyoingia mtoni husafiri: maji ya Mto Ngong huingia Mto Nairobi, kisha Athi, na mwisho wake ni Sabaki, karibu na Malindi. Kisima chenye harufu ya petroli kisichotwe maji ya kunywa, hata kwa nia ya kuyachemsha. Kuchemsha ni dawa ya vijidudu tu.