Japo dirisha moja la matatu

Mwandishi, katika makala yako Ebola na mpox, zinazoenea kwa kugusana, umezieleza vizuri, ila kwetu huku Nyeri anayetukalia karibu zaidi ni kifua kikuu (TB), na huyo hangoji watu wagusane. Mgonjwa ambaye hajaanza dawa akikohoa, au hata akiongea tu, vijidudu huweza kuelea hewani kwa saa kadhaa mahali palipofungwa. Sasa panda matatu ya Karatina asubuhi ya Julai, baridi ya mlimani imekaza: abiria 14, vioo vyote vimefungwa, na ukisukuma kimoja kidogo mama aliyeketi nyuma anakukemea kwamba mtoto atapata nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu, mama, si upepo! Machi 2020, kwa sababu ya korona, serikali iliamuru matatu za abiria 14 zibebe 8. Ilipopoa viti vikajaa, na habari za hewa zikaishia hapo. Tiba nayo ipo: dawa za TB hutolewa bure katika hospitali za umma, kwa kawaida miezi 6, na anayezimeza vizuri huacha kuambukiza mapema sana. Kwa hiyo aliyekohoa wiki mbili apelekwe kupimwa makohozi, asifungiwe nyumbani na chai ya tangawizi.