Kupandisha Nyuzi Hakuponyi Gita

Gita la umeme likianza kukwaruza, ushauri unaotangulia mingine yote ni kupandisha nyuzi darajani. Ushauri huo umefanya magita mengi mazuri yawe magumu kupigika, na umewaaminisha wanaojifunza kwamba vidole vyao ndivyo vibovu. Hesabu inaukataa. Uzi umeshikwa ncha mbili: ukiinua ncha ya darajani kwa milimita 1, kwenye freti ya 12, ambayo ni katikati, uzi unapanda nusu milimita, lakini kwenye freti ya kwanza unapanda takriban milimita 0.06. Kwa hiyo mkwaruzo wa freti za mwanzo haufikiwi kutoka darajani. Mwenye gita ataendelea kupandisha, na nyuzi zitakuwa mbali mno upande wa mwilini, kule kule mpiga solo wa dansi la Kongo au Tanzania anakofanyia kazi yake kubwa. Uzi ulio mbali hulazimika kuvutika zaidi unapobanwa, basi noti inapanda kuliko inavyopaswa, na palipo na gita la rithimu na la besi pembeni, kila sikio linajua kuna kitu hakijakaa sawa.

Cha kuuliza kwanza ni mkwaruzo uko wapi. Uzi ukipigwa hutikisika kwa upana, na upana huo ni mkubwa zaidi katikati, ndiyo maana shingo huhitaji mbonyeo mdogo wa kuuachia nafasi. Mbonyeo huo hurekebishwa kwa chuma kilichozikwa ndani ya shingo; Thaddeus McHugh wa kiwanda cha Gibson alipewa hataza yake mwaka 1923, kwa hiyo si siri ya mafundi wachache. Bana uzi kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kisha tazama nafasi iliyobaki juu ya freti ya 8. Kwa shingo nyingi za Fender inatakiwa kuwa kama milimita 0.25, sawa na unene wa uzi mwembamba wa namba 10. Nafasi ikikosekana na mkwaruzo uko freti za mwanzo, legeza chuma robo mzunguko, tuni upya, pima tena. Uzi ukikwaruza ukiwa wazi tu, chunguza mfereji wake kichwani mwa shingo, huenda umelika. Ukikwaruza mahali pamoja tu, kuna freti iliyoinuka. Ukikwaruza kuanzia freti ya 12 kwenda mwilini, hapo daraja linastahili kushukiwa.

Wapo wanaoogopa kwamba chuma kitakatika. Kweli kinaweza, kikikazwa kwa nguvu. Robo mzunguko, na kuacha mara kinapogoma, ndiyo kinga. Wengine watasema walipandisha nyuzi na mkwaruzo ukaisha. Sikatai, lakini shingo iliyopinda bado imepinda, na mbao zitaendelea kusogea unyevu wa hewa unapobadilika kati ya masika na kiangazi. Tena, gita la umeme husikika kupitia pikapu, kwa hiyo lisikilizwe kwenye amplifaya kabla ya kuguswa. Mkwaruzo unaosikika likiwa halijachomekwa, na usiotokea kabisa kwenye spika, hauhitaji fundi wala bisibisi.