KABLA YA KUTOA DAMU, TUULIZE



Sisi tunaokata michikichi na kukamua mawese hapa Rumonge, pamoja na ndugu zetu wavuvi, hufikiwa na watu wenye sindano na madaftari. Wengine wanakuja kututibu, wengine wanakuja kufanya utafiti. Matibabu humtafutia nafuu mgonjwa mwenyewe. Utafiti hutafuta elimu ya kuwafaa wengi baadaye, na pengine anayepimwa hapati nafuu yoyote. Mfanyakazi ana haki ya kujua ni lipi linafanyika juu ya mwili wake.

Tukumbuke ya zamani. Mwaka 1906 Dakta Robert Koch wa Ujerumani alikwenda visiwa vya Sese, Uganda, kupambana na malale. Aliwadunga wagonjwa dawa ya atoksili, yenye aseniki, ambayo ni sumu. Ugonjwa uliporudi akaongeza kiasi cha dawa, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Baadaye Wajerumani walifungua kambi za malale hata pwani yetu ya Imbo. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, na wagonjwa wakadungwa atoksili ile ile. Malale yalikuwa yanaua kweli, na kutafuta dawa halikuwa kosa. Kosa ni kumfanya mtu chombo cha kujaribia, asiambiwe hatari iliyopo wala asipewe nafasi ya kukataa.

Lakini tusiseme kila mtafiti ni adui. Mwaka 1992 kipindupindu kiliingia Rumonge, watu 318 wakalazwa hospitali katika muda usiofika miezi miwili. Watafiti waliwachukua wagonjwa 56 na watu 112 wasiougua, wakawauliza wote maswali yale yale: umeoga wapi, umekunywa maji gani, umekula nini? Wako waliojiuliza, mzima anahojiwa kwa nini? Sababu ni kwamba bila kumlinganisha mgonjwa na mzima huwezi kujua tofauti iko wapi. Tofauti ilikuwa ziwani: kunywa maji ya Tanganyika na kuoga humo. Vijidudu vya kipindupindu vilipatikana katika maji yenyewe wakati wa mlipuko. Hakuna aliyetiwa sumu, na jibu lilitupa silaha ya kudai maji safi. Utafiti wa namna hiyo ni wetu.

Tangu mwaka 1964 madaktari wa dunia wana Tangazo la Helsinki, linalotaka mtu aelezwe kwanza na akubali kwa hiari yake. Marekebisho ya mwaka 1975 yaliongeza kwamba mpango wa utafiti upitiwe na kamati isiyo ya watafiti wenyewe. Lakini karatasi iliyoko mbali haimlindi kibarua aliyeamriwa na kapita kupanga mstari. Anayeogopa kufukuzwa kazi hajakubali, hata akitia dole gumba.

Kwa hiyo msimamo uwe huu. Kwanza, maelezo yatolewe kwa Kirundi au Kiswahili, si kwa Kifaransa peke yake: damu inapelekwa wapi, itapimwa nini, hatari ni ipi. Ikiwa kundi moja litapewa dawa mpya na jingine ya zamani, tuambiwe mapema. Pili, mwenye kukataa asikatwe mshahara wala kunyimwa matibabu, na aliyekubali aweze kujitoa siku yoyote. Tatu, majibu apewe mwenye damu, si mwajiri. Kipimo cha UKIMWI au kifua kikuu kisigeuzwe njia ya kuchuja wafanyakazi. Nne, utafiti ukiisha, watafiti warudi kutueleza walichokiona.

Wajumbe wa chama katika kila shamba na kiwanda wadai mambo haya kabla sindano haijafunguliwa. Mtu mmoja akiuliza ataitwa mkaidi. Tukiuliza wote, tutajibiwa.

Umoja ni nguvu.