Dogo, kifaru cha kati sio bodaboda

Leo siongelei nani kaachana na nani, hayo yapo, tutayarudia. Leo naongelea vifaru. Najua humu mpo wengi mnaocheza World of Tanks Blitz, maana kila nikipanda mwendokasi lazima nimuone mtu kainamia simu, anazungusha mzinga kwa kidole gumba, kituo chake kinampita hivi hivi.

Sasa kilichonikera ni hiki. Kuna jamaa, jina simtaji na msinitafutie ubaya, ana wafuasi kibao na kila siku anaposti vipande vya gemu. Wiki mbili zilizopita kaposti kipande anaingia na kifaru cha kati katikati ya maadui watatu, anawazunguka, anawachoma wote, anacheka. Halafu anawaambia watu midiamu ni ya kuingia nayo tu, na ukiwa na cha kununua kwa pesa ndio kabisa hawakuwezi.

Dogo mmoja wa mtaani kwetu akaamini. Kamaliza form four, anasubiri matokeo. Siku hiyo alikuwa katumwa na mama yake akajaze gesi, mtungi mkubwa. Mtungi akaurudisha jikoni mtupu kama ulivyotoka, hela ikaenda kwenye kifaru cha daraja la VIII. Mama kaambiwa gesi imeadimika. Wiki nzima mama wa watu anapuliza mkaa.

Jumamosi dogo kanifuata. "Kaka nisaidie, kila nikiingia nakufa wa kwanza na watu wananitukana." Nikamwambia kaa hapa, cheza, mi naangalia tu. Kacheza mechi tano. Nne kati ya hizo kalipuliwa kabla hata dakika moja na nusu haijaisha. Ya tano kakaa muda mrefu kidogo kwa sababu alikwama kwenye mwamba.

Hebu tuelewane kwanza hesabu ya hili gemu. Mnaingia saba kwa saba, mechi dakika saba. Wewe ukifa dakika ya kwanza hujafa peke yako, umeiondolea timu mzinga mmoja kati ya saba. Maadui saba wanawapiga sita, baadaye saba wanawapiga watano, hapo mpira umeisha. Ndio maana unatukanwa. Matusi sio mazuri, siyatetei, ila hasira zao nazielewa.

Na kifaru cha kati hakina ngozi ya kuvumilia ujinga. Kizito kikipigwa usoni risasi nyingi zinagoma. Chepesi kina mbio na kujificha. Kile kiharibu vifaru kina mzinga mrefu na kinakaa mbali huko. Wewe wa kati una kidogo cha kila kitu: mbio kiasi, chuma kiasi, mzinga unaopakia haraka kiasi. Mtu asiyeelewa anaona hiyo ni dharau. Mi naona ndio utamu wenyewe, kwa sababu wewe ndiye unayeamua leo utakuwa nani. Pembeni kumelegea, unaenda kusaidia. Mzito wenu anapigana na mwenzake uso kwa uso, wewe unamzungukia yule adui ubavuni anapoangalia kwingine. Hiyo ndio kazi. Sio kufungua njia kama bodaboda ya Kariakoo saa moja asubuhi.

Kosa kubwa la dogo nililiona mechi ya kwanza tu. Ramani ya Mines, ina kile kilima cha katikati kila mtu anakijua. Kupanda mapema na midiamu ni sahihi kabisa, ukikishika unaona watu. Dogo kapanda, safi. Kafika juu, akapitiliza! Kashuka upande wa pili peke yake, wenzake bado wanapanda. Namuuliza ulikuwa unaenda wapi? Ananiambia "nilikuwa nawafata". Unawafata wangapi? Hakujua. Macho yake hayakuwa kwenye ramani ndogo ya pembeni hata sekunde moja. Ile ramani ndogo ndio gemu lenyewe wadau. Ukiona wanne wapo kulia na wawili kushoto, na mmoja hajaonekana, basi huyo mmoja ndiye anayekusubiri wewe.

Kosa la pili, anapiga huku anakimbia. Duara la shabaha likiwa pana risasi inaenda popote. Simama nusu sekunde, liache lijikusanye, piga, rudi nyuma ya kilima. Na ile shabaha ya kujishika yenyewe, dogo anaitegemea kama fimbo ya babu. Ile inalenga katikati ya adui, haijali chuma kinene kipo wapi. Kwa mzito anayekuangalia usoni unapoteza risasi bure. Zima, vuta karibu, angalia pale panapoonyesha pekundu, hapo hapapenyi, tafuta pengine. Ukikosa pa kupenya, piga cheni gurudumu la mbele au la nyuma. Cheni ikikatika kasimama kama daladala iliyoishiwa dizeli, wenzako wanamla.

Hapo nikamrudisha shule kidogo. Nilimuuliza, unajua kwa nini T-34 ya Wasovieti iliwasumbua sana Wajerumani mwaka 1941? Hajui. Bamba lake la mbele lilikuwa na unene wa milimita 45 tu, ila limelazwa nyuzi 60. Risasi inayokuja moja kwa moja inakutana na chuma cha kama milimita 90, na mara nyingine inateleza tu. Kwenye gemu ni hivyo hivyo: risasi ya kawaida ya kutoboa ikigonga kwa pembe ya nyuzi 70 na zaidi inadunda, isipokuwa mzinga uwe mkubwa sana kuliko unene wa bamba. Kwa hiyo usimpe adui uso wako bapa. Geuza bodi kidogo, sio sana mpaka ubavu ukawa wazi, kidogo. Dogo alikuwa anasimama kama anapigwa picha ya pasipoti.

Na kila kifaru kina tabia zake. Sherman ya Wamarekani mzinga unainama chini vizuri, kwa hiyo unakaa nyuma ya kilima unatoa kichwa tu. T-34 mzinga wake hauinami hivyo, ukijaribu mchezo wa vilima unajianika bodi nzima. Yeye kanunua cha Kisovieti anakichezea vilima. Hata hakuwa amesoma.

Halafu jambo ambalo naona halisemwi kabisa: hesabu muda wa adui kupakia. Mtu kapiga, risasi imetoka. Kama ni mzito mwenye mzinga mkubwa, una sekunde kumi na kitu za bure. Hapo ndio unatoka, unampiga moja, pengine mbili, unarudi. Midiamu inapakia haraka kuliko yeye, hiyo ndio faida yako, ndio mshahara wako. Ukitoka kabla hajapiga umeitupa faida yote.

Sasa turudi kwa yule jamaa wa vipande. Nikasema nisimseme mtu bure, nikakaa laivu yake moja masaa mawili na bando langu mwenyewe. Wadau, jamaa anajua! Tena anacheza kwa uoga kuliko mimi. Anakaa nyuma ya jiwe dakika mbili nzima, anachungulia, anaangalia ramani, anangoja maadui wabaki watatu wenye damu kidogo. Na yupo na mshkaji wake mmoja anayecheza mzito, huyo ndiye anayekula risasi zote. Hapo ndipo anaingia. Kesho yake kwenye posti naona sekunde 40 za mwisho tu, zile za kuchoma watu. Zile dakika za jiwe hazipo. Mshkaji hayupo.

Kwa hiyo simwiti muongo. Ila ukiwa na wafuasi watoto wa form four, na unawaambia wakanunue, waonyeshe na jiwe basi. Onyesha na ile siku umekufa wa kwanza, maana nimeiona, ilikuwa mechi ya tatu.

Mtaniambia nina wivu kwa sababu yeye ana wafuasi. Sawa, kidogo ninao. Ila cha kununua kwa pesa hakikupi macho. Kinakuingiza tu mapema kwenye daraja ambalo wenzako wameshacheza mechi maelfu, na wewe bado unatafuta kitufe cha breki. Na mimi sio mtakatifu, mwaka juzi nilinunua kimoja kwa hela ya viatu, nikatembea na raba iliyotoboka mpaka mwezi wa tatu. Najua ninachoongea.

Dogo nimemwambia kile cha VIII akiache gereji. Karudi daraja la V, T-34 ya bure, ile ile niliyomhadithia. Nimempa sharti moja: dakika mbili za kwanza haruhusiwi kuwa wa kwanza mbele, na kila akipiga risasi moja aangalie ramani ndogo. Mechi za mwanzo alilalamika anaboreka. Juzi usiku kanitumia picha ya skrini, timu imeshinda, yeye kabaki hai, kachoma wawili na kakata cheni za mwingine.

Nikamjibu safi sana, na mama umemwambia? Kakaa kimya. Jana nimepita kwao nikamsalimia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hivi gesi imeshaanza kupatikana huko kwenu?" Nikamwangalia dogo, dogo anaangalia miguu yake. Nimempa mpaka Ijumaa aseme mwenyewe. Ameshaanza kubeba mchanga kwenye ile nyumba inayojengwa nyuma ya msikiti.