Tukoleze Kioo kwa Kiswahili

Wapenzi wa lugha, fizikia ya kioo ina dhana inayostahili neno letu wenyewe: kutia oksidi ya metali katika kioo ili tabia yake ibadilike. Napendekeza tuiite kukoleza.

Tuanze na kioo chenyewe. Katika fuwele, atomu hujipanga kwa utaratibu unaojirudia, mithili ya vina na mizani katika shairi la arudhi. Kioo ni masivina. Katika kioo cha silika tupu, kila atomu ya silikoni imeshikana na atomu nne za oksijeni, ila mtandao mzima hauna mrudio. Kioo hicho ni kihami, umeme haupiti. Ukitia oksidi ya sodiamu, baadhi ya viungo vya mtandao hukatika na ioni za sodiamu hupata njia ya kusogea. Ndiyo maana kioo cha dirisha, kikipashwa moto mkali, huanza kupitisha umeme. Ukitia oksidi ya vanadiamu ya kutosha, mchukuzi ni mwingine: elektroni huruka kutoka ioni moja ya vanadiamu hadi nyingine.

“Kuchanganya” ni neno pana mno. Halisemi kwamba kilichotiwa kimebadili tabia ya kizima. “Kuchafua” kunalaumu jambo lililokusudiwa. “Kudopi” ni mlio mtupu masikioni mwa mwanafunzi. Lakini mtoto wa hapa Mjimwema, Songea, aliyeonja mchuzi wa dagaa wa Nyasa, anajua vyema chumvi iliyokolea na isiyokolea. Tena neno hili lina uzazi: kukolea, kukoleza, kikolezo, ukolezaji.

Atatokea wa kupinga kwamba twasema pia myeyusho umekolea. Sioni tatizo, “kukoleza kioo kwa oksidi” hakuwezi kumchanganya msomaji.

TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, hivyo njia ilikwisha kufunguliwa. Hata hivyo, vijana wetu wa sekondari wangali wakisoma fizikia kwa Kiingereza, na wengi hukariri wasichokielewa. Istilahi njema haitawapa maabara, lakini itawapa pa kuanzia: jambo wanalolijua tangu jikoni kwa mama zao. Kuwanyima hilo ni dhuluma, na sisi wenye lugha tutaulizwa.